Mkazo wa seli: jinsi seli ya ubongo inavyojiua uzeeni

Fundi mzee wa kuchonga milango ameketi barazani Lamu, mkono umetulia pajani. Kidole gumba kinasuguana na cha shahada kama anayehesabu tasbihi, na tasbihi hana. Akishika patasi, mtetemeko unapungua. Ndivyo ugonjwa wa Parkinson unavyojitokeza kwa wengi, na chanzo chake ni seli zinazokufa ndani ya ubongo.

Mkazo wa seli si mawazo wala huzuni ya mtu. Ni seli kuzidiwa: protini zimekunjika vibaya, au mitokondria, vinu vyake vya nguvu, zinatoa molekuli kali za oksijeni nyingi kuliko zinavyowahi kuzimwa. Hapo seli haifi. Hufanya kama mabaharia wa jahazi linalovuja, wanaotupa shehena huku wakifua maji: husitisha kutengeneza protini mpya, huongeza protini saidizi za kukunja upya zilizopinda, na zisizofaa huzivunja.

Shida ni muda. Mkazo wa saa chache hupita. Ukidumu, ishara zile zile zilizokuwa zikiiokoa seli huigeukia. Utando wa nje wa mitokondria hutobolewa, protini iitwayo sitokromu c huvuja na kuamsha vimeng'enya viitwavyo kaspasi, navyo huikatakata seli kutoka ndani. Seli husinyaa, DNA hukatika vipande, na mabaki humezwa bila uvimbe. Kifo hiki cha utaratibu kilipewa jina apoptosisi mwaka 1972, na chenyewe si uovu: ndicho kilichotenganisha vidole vyetu tumboni mwa mama. (Seli nyingine hupasuka ovyo, zikawasha uvimbe kwa jirani.)

Ngozi hupata seli mpya kila siku. Seli za neva za ubongo, karibu zote, hazigawanyiki tena. Zinazoumia zaidi katika Parkinson ni zile zinazotoa dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo wa mwili; ziko kwenye eneo jeusi la ubongo wa kati. Zinatumia nguvu nyingi bila kupumzika, dopamini yenyewe ikioksidika huwa sumu, na protini iitwayo alfa-sinukleini hufanya madonge ndani yake. Umri nao hupunguza kasi ya kufua maji. Mtetemeko unapoonekana, sehemu kubwa ya seli hizo imeshakwenda.

Levodopa, dawa ya Parkinson, hurudisha dopamini; haizuii seli kufa. Kwa kawaida humezwa kama nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu protini za chakula hushindana nayo kupita utumboni. Mzee akiimeza pamoja na sahani ya samaki, mkono unaweza kuendelea kutetemeka na nyumbani wakadhani dawa imekataa.