Hisia katika picha ya mtu ni nini?

Ukimkuta mtoto kakaa barazani ameshika tama, humwulizi kama ana huzuni. Unamwuliza kafanywa nini, maana mkono ule shavuni umekwisha kusema. Hisia katika picha ya mtu iliyochorwa kwa rangi huja kwa njia hiyohiyo. Ni jumla ya yale yote anayoyaweka mchoraji tupate kuujua moyo wa aliyechorwa, na uso ni sehemu moja tu ya hayo.

Tazama picha ya daktari Paul Gachet, aliyoichora Vincent van Gogh Juni 1890 huko Auvers-sur-Oise, Ufaransa. Daktari naye ameshika tama. Mwili umelalia upande, kichwa kimeegemea ngumi. Koti ni la buluu na nyuma yake ni buluu tena, kwa hiyo uso uliopauka umebaki peke yake, hauna rangi ya kuupokea. Funika uso huo kwa kidole gumba: huzuni bado ipo, imekaa kwenye mabega. Mezani pana tawi la mmea ambao kwake hutolewa dawa ya moyo. Huenda ni alama ya udaktari tu, ila mimi kila nikilitazama namwona tabibu asiyeweza kujitibu.

Msikimbilie lakini kusema buluu ni huzuni. Rangi hupata maana yake kwa jirani yake, na buluu hiyohiyo kando ya manjano kali ingeweza kuchangamka.

Usoni kwenyewe, kazi kubwa hufanywa na kona za mdomo na kona za macho. Mchoraji Mwitaliano Leonardo da Vinci alizifahamu vizuri. Katika Mona Lisa, picha yake ya mwanamke, hakuzikata kwa mstari, alizififisha kwa kivuli juu ya kivuli, mbinu ambayo Waitaliano huiita sfumato, jina linalotokana na moshi. Kwa kuwa ukingo haupo, jicho la mtazamaji ndilo linaloumalizia. Ndiyo maana watu wawili husimama mbele ya picha ile, mmoja akaona tabasamu, mwenzake asilione.

Kuna pia hali inayotanda picha nzima, hata kabla hujajua mtu amefurahi au amenuna. Hiyo huletwa zaidi na mwanga. Mnamo 1628 mchoraji Mholanzi Rembrandt, kijana wa miaka 22 hivi, alijichora mwenyewe mwanga ukimwangukia shingoni, sikioni na shavuni, macho akayaacha gizani. Nywele akazikwaruza kwa upande wa nyuma wa brashi, rangi ikiwa bado mbichi. Picha yenyewe ni ndogo, haifiki sentimita 25 kwenda juu, kwa hiyo inabidi usogee. Ukishasogea ndipo unayaona yale macho, kumbe muda wote yalikuwa yanakutazama.