Sindano ya uvimbe haitafuti saratani peke yake

Wengi huamini kwamba daktari akitaka kuchoma sindano kwenye uvimbe, basi anashuku saratani. Hofu hiyo inaeleweka, maana kipimo hiki hutumika sana kuitafuta. Lakini wapo wanaoacha kurudi kliniki kwa sababu yake, na hilo linasikitisha.

Sindano nyembamba hufyonza seli na majimaji kidogo, yakapakwa kwenye kioo, yakatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Kinachoonekana huweza kuwa kifua kikuu cha tezi, usaha wa kawaida, au kimelea. Chukua kinundu cha chini ya ngozi kinacholetwa na lava (mtoto wa mnyoo) wa tegu wa nguruwe: maji yake mara nyingi ni maangavu, na kwenye kioo huweza kuonekana vipande vya ukuta wa kifuko chake, pengine na vindoano, katikati ya seli za kinga. (Lava huyo huingia kwa kumeza mayai ya tegu yatokayo kwenye kinyesi cha mtu, ilhali nyama ya nguruwe isiyoiva yenye lava huleta tegu wa utumboni.)

Tahadhari moja ni ya kweli. Kifuko cha tegu wa mbwa, ugonjwa unaojulikana sana Turkana, kaskazini mwa Kenya, hakichomwi kiholela: majimaji yakivuja huweza kuleta mzio mkali na kuotesha vifuko vipya mwilini. Ndiyo maana ultrasaundi hutangulia.

Ukitaka kuhakiki, muulize daktari anashuku nini, kisha soma jibu la maabara lenyewe. Likisema sampuli haikutosha, au hakuna kilichoonekana ilhali uvimbe upo, uliza kuhusu kurudia kipimo au kukatwa kipande kidogo cha uvimbe kipelekwe maabara.