Usiniulize "niweke upepo ngapi"

Hii naandika nikiwa bado na hasira kidogo, mtanisamehe. Tumerudi juzi kutoka Chalbi, lile jangwa la kaskazini mwa Kenya, piki kumi na moja, siku saba, na nikihesabu vizuri lile swali la "niweke ngapi" nimeulizwa asubuhi zote saba. Ile ya mwisho nilikuwa Maralal nimejifunika blanketi nasubiri chai, jamaa akaja na geji mkononi, "kiongozi, leo wewe umeweka ngapi?" Nikamwambia 20, yaani psi za upepo wa tairi. Akaenda akaweka 20. Sasa yeye ana kilo mia na ushee, piki yake ni ya cc 1200 yenye masanduku mawili ya bati pembeni, moja limejaa vitu ambavyo mpaka leo sijajua vilikuja kufanya nini jangwani. Mimi nina kilo 74 na kapiki ka 250 na begi moja la turubai. Hiyo 20 yangu inamhusu nini? Ni kama kuazima miwani ya mwenzako kwa sababu umemuona anasoma gazeti vizuri.

Lakini si huyo aliyenitoa roho. Aliyenitoa roho ni wa Marsabit. Tumefika kwa lami kutoka Isiolo, raha mustarehe, watu wakajaza petroli mimi nikaenda kutafuta maji. Kurudi nakuta kijana wa pampu, kwa roho safi kabisa, amewapanga wenzangu foleni anawajazia matairi. "Bosi hizi zilikuwa zimelala, na huko mnakoshuka ni mawe matupu." Nusu ya kundi tayari wako 36 na wanamshukuru, mmoja kampa hamsini ya soda!

Hii imani naijua tangu utoto: mawe mengi, mzigo mzito, basi jaza mpaka igonge kama ngoma, tairi gumu halipati pancha. Nimeisikia kwa watu wa boda, kwa mafundi, kwa mjomba wangu wa lori, na kwa watu waliolipa pesa nzuri kufundishwa kuendesha nje ya lami. Na tatizo la hii imani ni kwamba imetoka mahali pa kweli. Ukibeba watu watatu na gunia la makaa juu ya lami, tairi laini linajikunja kila mzunguko, linachemka, linaisha upande, piki inayumba kama ng'ombe mgonjwa. Hapo jaza, sina neno. Ila yule mtu wa makaa haendi kwenye mawe ya volkano chini ya Marsabit kuelekea Maikona, mawe meusi saizi ya viazi mengine saizi ya kichwa, kilomita baada ya kilomita.

Pale tairi la 36 halimezi jiwe. Linalipanda, halafu linarushwa upande, halafu linakutana na la pili likiwa limeshapinda, na wewe juu unashika usukani kwa nguvu zaidi, ndiyo kosa la pili hilo, na baada ya dakika ishirini mikono imekufa ganzi. Kabla hatujafika Maikona walikuwa wameshalala chini wawili, wote wa foleni ya Marsabit. Tairi lenye 20 au 22 linakaa juu ya jiwe kama kiganja, linalifunika kidogo, linapita. Pancha za mwiba hizo ni habari nyingine kabisa, mwiba wa mgunga hauulizi. Safari hii tulipata tatu, mbili kwenye tairi gumu na moja kwenye laini. Huo si utafiti, ni viraka vyangu tu nilivyohesabu kwenye boksi.

Sasa wale wa upande wa pili msishangilie. Maana kuna madhehebu mawili kwenye huu mchezo, wagumu na walaini, na walaini ndio wabaya zaidi kwa sababu wameshatazama video. Mlaini akisikia neno "jangwa" anashusha mpaka 10 akiwa bado kwenye maegesho ya hoteli. Kwenye jiwe lenye ncha tairi la 10 linakubali mpaka chini, rimu inagonga jiwe na katikati yao kuna tyubu, unasikia "ngo!" halafu mita mia mbele nyuma inaanza kuogelea. Ukifungua tyubu utaona matobo mawili yamekaa sambamba kama nyoka aliuma. Huyo nyoka ni wewe mwenyewe.

Jangwa lenyewe halifanani na lile la kwenye kichwa cha watu. Watu wanafikiri Chalbi ni vilima vya mchanga kama kwenye kalenda. Wagabra wameipa jina la sehemu tupu yenye chumvi, na ndivyo ilivyo, ni sakafu ya ziwa la zamani lililokauka, kavu ni ngumu na tambarare kiasi kwamba unasahau uko nje ya barabara. Ikinyesha kidogo tu inageuka uji na hapo hakuna namba ya tairi itakayokusaidia, unarudi ulikotoka au unakaa Kalacha chini ya mikoma kusubiri ikauke. Tulingoja siku nzima mwaka mmoja. Mchanga wenyewe unakutana nao pembezoni, karibu na North Horr na baada ya hapo kuelekea kijiji cha Gas, halafu tena kwenye malaga, ile mito mikavu ya mchanga, kule South Horr. Kwa hiyo ndani ya siku mbili umepita lami, mawe, sakafu ya chumvi na mchanga, na mtu anataka nimpe namba moja.

Kwenye mchanga ndiyo, shusha. Tairi likilegea alama yake chini inarefuka, linaelea badala ya kuchimba. Simama, uzito nyuma, gesi isikatike, macho mbali, hayo mmeshaambiwa mara elfu sirudii. Mimi nashusha mpaka 14 hivi. Ila hiyo "hivi" ndiyo kazi yenyewe, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Namba kwenye geji haikwambii kitu mpaka ujue imebebeshwa nini. Kinachofanya kazi ni tairi limejikunja kiasi gani chini ya mzigo wake. Tulikuwa na dada mmoja wa Mombasa, kilo 58 (alisema mwenyewe, sikumpima), kwenye 250 kama yangu. Mimi nikiwa 14 tairi langu limekaa vizuri, yeye akiweka 14 yuko bado mgumu, kwake 12 ndiyo inafanana na 14 yangu. Yule bwana wa 1200 akiweka 14 rimu zake zitarudi nyumbani na umbo la chapati. Halafu kuna tairi lenyewe, la meno lenye kuta nene likiwa na 12 bado limesimama kama ukuta, lile jembamba la kichina ukiliweka 18 tayari limelala. Na mbele na nyuma si mamoja. Kwenye mawe mbele ndiyo inayokutana na jiwe kwanza kwa hiyo naiwekea upepo zaidi kidogo, kwenye mchanga nashusha mbele zaidi ya nyuma ili isichimbe. Au nilikuwa nafanya hivyo, maana mwaka huu nilijaribu kuziacha sawa na sikuona tofauti, nimebadilisha msimamo mara tatu kwenye hili na nikikutana nawe mwakani huenda nikakwambia kingine.

Ndiyo maana siku hizi siwaambii watu namba, nawaambia waende mita hamsini kwenye mchanga wageuke watazame alama yao. Mfereji mwembamba mrefu wenye kingo, bado gumu. Alama pana, meno yanaonekana, umefika. Kwenye mawe tega sikio, ukisikia rimu ikigonga mara moja moja kwa siku uko karibu na mwisho, ukiisikia kila baada ya dakika tano ongeza.

Halafu geji. Tulikuwa na geji sita kwenye kundi. Jioni moja Loiyangalani, kwa uchokozi tu, nikazipitisha zote kwenye tairi moja. Ya chini ilisoma 15, ya juu 19. Tairi moja! Sasa jamaa wawili walikuwa wameshinda mchana kutwa wanabishana nani kaweka 16 sahihi na kila mmoja ana geji yake ya mfukoni. Kundi liwe na geji moja, hata kama ni mbovu, ikiwa mbovu itakuwa mbovu kwa wote.

Kujaza tena ndiko watu wanakofia. Kushusha ni dakika moja, unabonyeza valvu unasikiliza pssss, kila mtu anapenda. Kujaza ni kapampu kadogo ka betri, dakika tatu nne kila tairi, piki kumi na moja, jua la saa saba. Kwa hiyo watu wanasema "itafika tu." Baada ya mchanga wa Gas njia ikawa ngumu, mlaini wetu mmoja akabaki na 12 yake akafungua gesi, themanini na kitu, anafurahia. Tukamkuta kando, tairi la nyuma huwezi kuligusa kwa moto, na valvu imelala ubavu kama mlevi kwenye mtaro. Hakuwa na rimuloki, kile kibano kinachoshikilia tairi kwenye rimu, tairi lilizunguka juu ya rimu likaenda na tyubu, shina la valvu likakatika. Tyubu hiyo haizibiki, ni kutupa. Akaniambia tairi ni feki.

Kuna kipimo cha wazee wa Land Rover ambacho nakiiba: pima tairi likiwa baridi, endesha saa moja, pima tena. Ikipanda zaidi ya 4 hivi ulianza chini mno, tairi linajikunja kupita kiasi na kujichemsha. Kizuri sana kwenye karatasi. Ila hewa ikitoka nyuzi 25 ikafika 60, ile 20 yako inakuwa kama 24 bila kosa la mtu, na tairi jeusi likiegeshwa kwenye jua la Chalbi linaweza kupanda hata bila kusogea. Kwa hiyo napima alfajiri tu, kabla jua halijagusa piki, na kile kipimo cha wazee nakitumia kuwatisha watu zaidi ya kupimia.

Niliwahi pia kuwahubiria watu kwamba ukitoka Ziwa Turkana kwenye mita 360 na kitu ukapanda mpaka Maralal karibu 2,000, hewa ya nje inapungua kwa hiyo tairi linakuwa gumu, punguza. Nikahubiri miaka. Safari moja niliweka 18 Loiyangalani kwenye joto la mchana, nikapima Maralal alfajiri meno yakigongana, 18. Nikadhani geji imekwama. Kumbe mwinuko unaongeza kama 2 na baridi ile inarudisha hizo hizo 2, vinafutana. Kwa hiyo wote mliopunguza kwa ajili yangu, poleni.

Kusini ya Loiyangalani mawe yanarudi, ya mviringo, yanabiringika chini ya gurudumu, mpaka unapofika Sarima kwenye mitambo ile 365 ya umeme wa upepo na barabara waliyoipanua kwa ajili yake. Huko upepo wa kuulizia ni ule wa nje, unakusukuma mita nzima upande. Achianeni nafasi, si kwa ajili ya upepo tu, vumbi pia. Atakayekung'ang'ania mkiani kwa kuogopa kupotea mwambie kila penye njia panda anasimama mtu, hapotei.

Sasa swali ambalo kila mara mgumu mmoja ananirushia na sina jibu zuri: mbona boda za North Horr zinapita? Kweli zinapita. Tukiwa tumezama kwenye mchanga, watu wanasukuma, wanatukana, alitupita kijana na 150, tairi ngumu kama mpini, kabeba mama mmoja na mbuzi wawili, kandambili mguuni. Akatusalimia vizuri tu. Naweza kusema piki yake ni nyepesi, miguu yote chini kama nguzo, mwendo wa kutembea, na anajua kila kichuguu kwa jina. Yote kweli. Lakini alikuwa na mbuzi wawili.

Jana nimepeleka geji yangu kwa fundi mwenye ile kubwa ya ukutani tukalinganisha. Yangu inasoma 2 zaidi. Kwa hiyo namba zote nilizotaja hapo juu, za kwangu, toeni 2. Au msitoe, maana hata ile ya ukutani sijui nani aliipima.