Skani si data: dhana potofu kuhusu hati za biashara za karatasi na za kielektroniki

Mfanyabiashara mdogo anayeuza bidhaa nje ya nchi yake hujikuta amebanwa katikati. Mnunuzi anataka ankara kwa barua pepe, forodha wanataka taarifa ziingizwe kwenye mfumo wao, benki inadai karatasi yenye mhuri. Ugumu huo upo kweli, lakini sehemu yake kubwa inatokana na mambo yanayosemwa na kurudiwa bila mtu kuyahakiki.

Dhana: Nikishaskani hati na kuituma, nimeshaingia kidijitali.

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayogharimu zaidi. Skani ni picha. Kompyuta ya anayepokea haijui kwamba ile namba ya pembeni ni uzito, wala kwamba jina lililo juu ni la muuzaji. Kwa hiyo mtu ataketi achape upya kila kitu: mara moja kwa wakala wa forodha, mara nyingine kwa msafirishaji, mara nyingine benki. Makosa huzaliwa hapo. Katoni 48 za kwenye ankara zinageuka 84 kwenye orodha ya vifurushi, na mzigo unasimama hadi mtu aeleze katoni 36 zimetoka wapi.

Hati huwa data pale kila taarifa inapokaa mahali pake ikiwa na jina lake, na ikaandikwa kwa namna isiyo na maana mbili. Itazame tarehe 05/06/2025. Wengi wataisoma 5 Juni. Mmarekani ataisoma Mei 6. Uzito wa 1.250 kwa Mjerumani ni elfu moja mia mbili na hamsini, kwa Mwingereza ni moja na robo. Dawa zake zipo siku nyingi: tarehe huandikwa 2025-06-05, sarafu kwa herufi tatu kama USD au EUR, bidhaa kwa namba ya HS, yaani mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambayo tarakimu zake 6 za mwanzo zinatumika kimataifa, na bandari kwa alama tano za UN/LOCODE, orodha ya Umoja wa Mataifa ya misimbo ya mahali, kwa mfano NLRTM kwa Rotterdam. Na hakuna linalokuzuia kuziandika hivyo hata kwenye karatasi, leo hii, kabla hujanunua programu yoyote. Mimi ningeanzia hapo.

Dhana: Karatasi na elektroniki ni njia mbili zisizokutana, lazima uchague moja.

Zilishakutanishwa zamani. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulitoa mpangilio wa pamoja wa hati za biashara, uliotokana na kazi iliyoanza Ulaya miaka ya 1960. Kwenye ukurasa wa A4, muuzaji anakaa juu kushoto, mpokeaji mzigo chini yake, namba za kumbukumbu upande wa kulia, maelezo ya bidhaa sehemu ya chini, na sahihi chini kulia. Ankara, hati ya shehena (bill of lading) na cheti cha uasilia wa bidhaa vikifuata mpangilio huo, jina la mnunuzi linakuwa kwenye kisanduku kilekile katika zote. Kila kisanduku kinaweza kupewa jina kwenye kompyuta, na jedwali moja la data likatoa karatasi kwa anayetaka karatasi na faili kwa anayetaka faili.

Ujerumani na Ufaransa wana mfano mzuri sana wa daraja hili. Ankara zao za ZUGFeRD na Factur-X ni faili moja ya PDF yenye ndani yake faili ya XML, yaani data iliyopangwa ili kompyuta iisome. Mtu anaifungua na kuisoma kama ankara ya kawaida. Programu ya uhasibu inachukua ile XML bila mtu kuchapa chochote. Mwenye duka asiye na mfumo wowote hapotezi kitu, kwa sababu bado anaweza kuiprinti.

Dhana: Haya ni mambo ya makampuni makubwa.

Zamani ilikuwa na ukweli. Kampuni mbili zilihitaji kuunganishwa moja kwa moja, na kazi hiyo ilikuwa ghali. Sasa lahajedwali (spreadsheet) moja yenye safu zilizopangwa vizuri inatosha kuanzia, maadamu taarifa inaingizwa mara moja tu na hati zote zinachota kutoka hapo.

Dhana: Sheria haitambui hati ya kielektroniki.

Hapa inabidi tutenganishe hati na hati. Kwa ankara na orodha ya vifurushi, sheria ya mfano ya mwaka 1996 ya UNCITRAL, kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ya kimataifa, inasema taarifa isinyimwe nguvu ya kisheria kwa sababu tu iko kielektroniki, na nchi nyingi zimeifuata. Hati ya shehena ni suala lingine, kwa kuwa anayeishika ndiye mwenye haki ya kudai mzigo, na faili linaweza kunakiliwa mara elfu. Sheria nyingine ya mfano ya UNCITRAL, ya mwaka 2017, ilijibu hilo: badala ya kushika, mfumo uonyeshe ni nani pekee mwenye udhibiti wa hati. Bahrain iliifuata kwanza, mwaka 2018, na Uingereza ikapitisha sheria yake mwaka 2023. Sheria hiyo ya mfano inaruhusu pia kuhama, karatasi kuwa elektroniki au kinyume chake, kwa sharti kwamba ile ya awali inakufa. Zisibaki mbili zinazoishi. Kabla ya kuhama, uliza sheria ya nchi yako na ya mnunuzi inasemaje.

Dhana: Picha ya sahihi yangu ndiyo sahihi ya kidijitali.

Picha ya sahihi mtu yeyote anaweza kuikata na kuibandika kwingine. Sahihi ya kidijitali ni hesabu iliyofungwa kwenye faili zima: ukibadilisha hata tarakimu moja ya bei, uhakiki unakataa. Lakini ukiiprinti hati hiyo, hesabu haiendi na karatasi. Kinachobaki ni wino. Ndiyo maana vyeti vingi vinavyochapishwa sasa hubeba msimbo wa QR, ili afisa aliyeshika karatasi aifikie kumbukumbu halisi kwenye mfumo. Nawe tunza faili lenyewe lililosainiwa, usiridhike na mchapo wake.