Mji wa rashi ni mji wa namna gani?

"Rashi" ni neno la wachimbaji wadogo. Dhahabu ikionekana porini, habari zinasambaa, na baada ya siku chache pamefurika watu: hapo wanasema kuna rashi. Mji wa rashi, basi, ni mji mdogo wa mbali unaofumuka kwa sababu ya madini, gesi au mafuta, watu wakitangulia kufika kabla ya maji, madarasa na zahanati.

Kinachouelemea ni kasi. Dar es Salaam tunapokea wageni kila siku na jiji linawameza. Mji wa watu elfu kumi ukipokea elfu tano ndani ya mwaka, kisima ni kilekile, nesi ni yuleyule. Tena mwenye nyumba anapanga kodi kwa kutazama mshahara wa kampuni, kwa hiyo nesi huyohuyo anashindwa chumba na kuomba uhamisho.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawaambiwi mapema: ujenzi unataka watu wengi, uendeshaji unataka wachache. Gesi ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa 1982, lakini mji ulichemka bomba la kuileta Dar lilipoanza kujengwa. Mjomba wangu wa Mbagala aliuza kiwanja akajenga gesti ya vyumba kumi na viwili kule. Mwaka 2013 vyote vilijaa mafundi. Bomba likakamilika 2015, mafundi wakafunga mizigo. Nilipokwenda kumtembelea, vyumba vinne tu vilikuwa vimetandikwa. Kwingine magodoro yalisimamishwa ukutani, bado yamo kwenye nailoni zake.

Miji hujikinga vipi? Halmashauri zina ushuru wa huduma, unaotozwa kwenye mauzo ya kampuni, ila fedha hiyo huingia mauzo yakishaanza, wakati foleni ya kisimani ilianza zamani. Ndiyo maana naona makubaliano ya maji na nyumba za wafanyakazi yafanyike kabla greda halijafika. Na mwisho wa mgodi upangwe mgodi ukiwa hai. Kahama, uzalishaji wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi ulikoma 2021, na eneo lake likapangiwa viwanda, angalau pale swali la "baadaye je?" liliulizwa.

Mjomba naye hakurudi Mbagala. Siku hizi anasubiri Oktoba, wanunuzi wa korosho waje kulala.