Je, ukipoteza kumbukumbu zote bado unajijua wewe ni nani?

Mtu yeyote aliyekulia kwenye muvi za Kinigeria na tamthilia za Kifilipino anajua jibu: unapata ajali, unaamka hospitali unauliza "mimi ni nani?", mama mzazi humjui, halafu unagongwa tena kichwani ndo akili zinarudi. Sasa kwa watu walioumia ubongo kweli hali hiyo ni nadra sana, na kugongwa mara ya pili ni kuongeza jeraha tu. Kinachoondoka kwa kawaida ni mambo ya karibuni na uwezo wa kushika mapya, jina linabaki, mama anabaki, hata tabia ya kupenda utani inaweza kubaki. Hao wa muvi wanapoteza kile ambacho ndo kigumu zaidi kupotea.

Chukua Kent Cochrane wa Kanada, kwenye ripoti za kisayansi anaitwa K.C. Mwaka 1981, akiwa na miaka 30, alipata ajali mbaya ya pikipiki. Baada ya hapo, hadi alipofariki 2014, alikuwa anaongea vizuri, chesi anacheza, anajua familia yake ina nyumba ya mapumziko na anajua iko wapi, ila hakumbuki hata siku moja aliyowahi kulala huko. Siyo huko tu, maisha yake yote hakuwa anakumbuka tukio hata moja. Na ungemuuliza kesho utafanya nini, angekwambia kichwani patupu.

Mwanasaikolojia Endel Tulving, aliyemchunguza miaka mingi Toronto, alishasema tangu 1972 kwamba kumbukumbu ya matukio na kumbukumbu ya maarifa ni vitu viwili. Fikiria hela kwenye simu: umefuta meseji zote za miamala, hujui nani alituma wala ulitoa lini, lakini ukiangalia salio lipo palepale. Na miamala mipya ikiingia, hata ukifuta kila meseji ileile dakika, salio linaendelea kubadilika.

Hapo kwenye kubadilika ndo utamu ulipo. Ajali ilimbadilisha Kent tabia, akawa mpole, mchangamfu wa zamani kapungua. Tulving akampa orodha ya sifa ajipime mwenyewe, mama yake naye akampima pembeni. Majibu yakaendana, na yaliendana na Kent wa baada ya ajali, siyo yule wa zamani! Yaani alijifunza kuwa kabadilika bila kukumbuka tukio lolote lililomfundisha.

John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alisema unabaki mtu yuleyule hadi pale fahamu yako inapoweza kurudi nyuma. Kwa kipimo chake Kent wa kwanza aliishia barabarani, na huyu wa pili ndo alikuwa anakufa upya kila baada ya dakika chache, jambo ambalo mama yake angelicheka tu. Ila twende taratibu, huyu ni mgonjwa mmoja, ubongo wake uliumia sehemu nyingi kwa mpigo, na shahidi wa tabia yake alikuwa mzazi wake.