Gari la zamani kulifungia gereji sio kulitunza

Wengi wanaamini gari la kale la Kimarekani, tuseme Mustang ya 1966, likikaa tu ndani bila kuendeshwa ndo linadumu, maili zikiwa chache basi liko freshi. Inaeleweka, injini haisagiki likiwa limesimama. Ila mengine yanaharibika hapohapo lilipo: petroli inachacha na kuacha gundi kwenye karabureta, na petroli nyingi ya Marekani siku hizi ina ethanoli mpaka asilimia 10, inavuta unyevu na kula mipira ya zamani, sili zinakauka, mafuta ya breki nayo yananyonya maji halafu kutu inaanzia ndani. Hapo kwenye breki ndo pa kuogopa jamani, maana Mustang hiyo masta silinda yake, yaani pampu kuu ya breki, ni ya njia moja kwa magurudumu yote, ikivuja kwenye gurudumu moja tu pedeli inazama na breki zote zimekwisha.

Kuhakiki mwenyewe inawezekana. Umri wa tairi usome ubavuni mwake, namba 4 za mwisho baada ya herufi DOT, 2318 ni limetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2018, usidanganyike na kashata (meno ya tairi) nzuri. Nusa tangi, petroli iliyochacha inanuka kama vanishi. Mipira ya petroli ibinye, ikionyesha nyufa ibadilishe kabla hujapiga stata.